Kimya cha Kihisi: Namna ya Kufunga na Kukagua Vihisi Visivyotumia Waya Nyumbani



Mada tuliyopewa ni vihisi visivyotumia waya, vile ambavyo madukani mnaviita sensa. Ni vifaa vidogo vinavyobandikwa mlangoni, ukutani, jikoni au kwenye tangi la maji, ambavyo hupeleka taarifa kwa mawimbi ya redio pale mlango unapofunguliwa, mtu anapopita, gesi inapovuja au maji yanapopungua. Taarifa hupokelewa na kifaa kimoja cha katikati, ambacho leo tutakiita kitovu, nacho huzifikisha kwenye simu ya mwenye nyumba au hupiga king'ora. Nyumba yenye mfumo wa namna hii ndiyo inayoitwa nyumba janja.

Tunaomba tuanze na kisa kimoja. Mwaka jana tuliitwa kwenye nyumba ya familia moja hapa Dar es Salaam. Walikuwa wamefungiwa vihisi tisa kwa mchana mmoja, na kimojawapo kilikuwa cha gesi, jikoni. Usiku mmoja jirani ndiye aliyenusa harufu ya gesi kupitia dirisha lake, akaja kugonga geti. Mpira wa mtungi ulikuwa umechakaa na gesi ilikuwa imevuja kwa muda mrefu. Kihisi hakikulia. Simu ya mwenye nyumba ilionyesha alama ya kijani, maana yake kila kitu ni shwari.

Tulipokikagua kihisi kile kesho yake tulikikuta kizima, hakina hitilafu yoyote. Kosa lilikuwa mahali kilipofungwa: juu, karibu na dari, ilhali gesi ya mtungi hutuama chini. Bibi wa nyumba ile alituuliza swali ambalo hatujalisahau: "Sasa wanangu, nitajuaje kama kimenyamaza kwa sababu hakuna kitu, au kimenyamaza kwa sababu hakijui?" Mazungumzo yetu ya leo ni jibu la swali la bibi yule.

Kimya cha namna mbili

Kihisi kizuri hunyamaza karibu maisha yake yote. Kihisi cha moshi kinaweza kukaa miaka bila kulia, nasi hufurahi. Hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa kihisi kilichokufa nacho hunyamaza vilevile. Taa ikiungua tunajua usiku huohuo kwa sababu chumba kinakuwa giza. Bomba likiziba tunajua kwa sababu maji hayatoki. Kihisi kikiharibika, au kikifungwa mahali pasipofaa, hakuna kinachobadilika nyumbani hadi siku ya ajali. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kanuni tunayowaomba muondoke nayo ni hii: kihisi kihesabiwe kuwa kinafanya kazi pale tu mlipokijaribu wenyewe, mahali kilipofungwa, na siku za karibuni. Mengine yote tutakayosema ni matawi ya kanuni hiyo.

Kabla ya kununua

Jambo la kwanza la kuangalia ni masafa ya redio yaliyoandikwa kwenye kifaa au kwenye boksi lake. Umoja wa Mawasiliano Duniani (ITU) umeigawa dunia katika kanda tatu za matumizi ya masafa. Afrika imo katika Kanda ya 1 pamoja na Ulaya, na mabara ya Amerika yamo katika Kanda ya 2. Vifaa vya mfumo wa Z-Wave vilivyotengenezwa kwa soko la Ulaya hutumia masafa ya 868 MHz, na vya soko la Marekani hutumia 908 MHz. Kihisi cha Marekani na kitovu cha Ulaya havisikilizani hata vikiwekwa juu ya meza moja. Aidha, masafa ya kuanzia 880 hadi 915 MHz katika ukanda wetu hutumiwa na simu za mkononi kupeleka mawasiliano mnarani, hivyo kifaa cha 908 MHz kinaweza kuwa kero kwa wengine pia. Ndugu zetu wanaopokea zawadi kutoka kwa jamaa walioko ng'ambo wazingatie jambo hili. Vifaa vya Zigbee, Wi-Fi na Bluetooth vinavyotumia masafa ya 2.4 GHz havina tatizo hilo, kwa kuwa masafa hayo hutumika kote duniani. Kwa upande wa sheria, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ndiyo inayoidhinisha vifaa vinavyotumia redio, na mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji kama kifaa kimeidhinishwa.

Jambo la pili ni swali moja la kumuuliza muuzaji kabla ya kutoa fedha: "Kihisi hiki kikipotea au kikifa, je, kitovu kitanijulisha?" Vihisi vingi vya bei nafuu vya 433 MHz husema lakini havisikii. Hutuma ujumbe mara moja hewani, wala havipati jibu la kuthibitisha kwamba umepokelewa. Katika mifumo ya namna hiyo iliyo rahisi zaidi, kitovu hakina njia ya kutambua kwamba kihisi cha mlango wa nyuma kilikufa mwezi uliopita. Mifumo iliyo bora huwa na salamu ya mara kwa mara: kihisi hutuma ujumbe mfupi hata kama hakuna jambo, kuonyesha kwamba kiko hai. Hata hapo, salamu hizo hupishana kwa muda, na baadhi ya vitovu huchukua zaidi ya siku nzima kabla ya kutangaza kwamba kihisi kimepotea. Ulizeni muda huo ni saa ngapi.

Jambo la tatu ni risiti na dhamana. Vijaribuni vihisi vyote katika siku chache za mwanzo, wakati bado mna nafasi ya kuvirudisha.

Mahali pa kufunga

Gesi ya kupikia ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, na butani kwa takriban mara mbili. Ikivuja hutambaa sakafuni kama maji. Kwa hiyo kihisi chake hufungwa chini, kwa kawaida kiasi cha sentimita 30 kutoka sakafuni, karibu na mtungi lakini pasipofikiwa na maji ya kuoshea. Picha nyingi za maelekezo zinazoonyesha kihisi cha gesi karibu na dari ni za nchi zinazotumia gesi asilia ya bomba, ambayo ni nyepesi kuliko hewa. Fundi aliyeifungia familia ile alifuata picha ya namna hiyo.

Monoksidi ya kaboni ni jambo jingine. Hii ndiyo gesi inayotoka kwenye jiko la mkaa na jenereta. Haina rangi wala harufu, na uzito wake unakaribia ule wa hewa, hivyo huenea chumba kizima. Kihisi cha gesi ya mtungi hakiitambui. Kinahitajika kihisi chake mahususi, na mahali pake muhimu ni karibu na vyumba vya kulala. Hata hivyo, kuwa nacho si ruhusa ya kulala na jiko la mkaa ndani.

Kihisi cha moshi hufungwa kwenye dari, kwa kuwa moshi wa moto hupanda. Kiwekwe mbali na pembe za ukuta, na kisifungwe jikoni, maana kitalia kila mkikaanga samaki na hatimaye mtakitoa betri. Jikoni panafaa kihisi cha joto. Vihisi vya moshi huzeeka hata visipolia: kwa kawaida umri wake haupiti miaka 10 tangu kutengenezwa, na tarehe huandikwa nyuma.

Kihisi cha mwendo kinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hali ya hewa ya pwani yetu inakihusu. Kihisi cha kawaida cha aina hii hakioni mtu kama kamera inavyoona. Hutambua joto la mwili linapopita mbele ya mandhari yenye joto tofauti. Ngozi ya mwanadamu ina joto la nyuzi 33 au 34 hivi. Katika chumba chenye baridi, mwili huonekana dhahiri. Katika alasiri ya Februari, ukuta nao unapokaribia joto hilo, tofauti huwa ndogo na kihisi huweza kumpita mtu bila kumtambua. Basi kijaribuni saa ya joto kali kuliko zote, msiridhike na jaribio la asubuhi. Kifungeni kimo cha mita mbili au zaidi kidogo, pembeni, ili mtu apite kwa kukikata mbele badala ya kukijia moja kwa moja, kwa kuwa mwendo wa kukatiza ndio kinaoutambua vizuri. Kisielekezwe dirisha lenye jua wala kiyoyozi, na wala msitegemee kione kupitia kioo.

Kihisi cha mlango kina vipande viwili: kimoja kina swichi, kingine kina sumaku. Mlango ukiwa umefungwa, vipande hivyo viwe vimekaribiana, kwa kawaida pasipozidi sentimita moja au mbili, na alama zake zitazamane. Milango na mageti ya chuma hudhoofisha sumaku na redio pia. Kipande cha plastiki au cha mbao kikiwekwa kati ya kihisi na chuma huleta nafuu.

Njia ya mawimbi

Umbali unaoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni wa eneo la wazi. Nyumba zetu zina zege lenye nondo, madirisha yenye nondo, mapaa ya mabati na matangi ya maji. Chuma hurudisha mawimbi, na maji huyameza, hasa ya 2.4 GHz. Kihisi kilicho nyuma ya tangi lililojaa kinaweza kusikika tangi likiwa tupu na kupotea likijaa, kinyume na matarajio ya mwenye nyumba.

Kitovu kiwekwe katikati ya nyumba, mahali pa wazi na juu kidogo. Tumekikuta nyuma ya friji, ndani ya kabati la chuma, na mara nyingi juu ya ruta yenyewe. Ruta ya Wi-Fi na kitovu cha Zigbee hutumia masafa yaleyale ya 2.4 GHz, na jirani mwenye sauti kubwa humfunika mwenye sauti ndogo. Vitenganishwe kwa mita moja au zaidi. Kwa mafundi, tunaongeza hili: ruta nyingi hutumia chaneli 1, 6 au 11 za Wi-Fi, na chaneli za Zigbee namba 15, 20 na 25 huangukia katika nafasi zilizo kati au pembeni ya hizo. Chaneli ichaguliwe kabla ya kufunga vihisi, kwa kuwa kuibadilisha baadaye kunaweza kulazimu kuviunganisha vyote upya.

Katika mfumo wa Zigbee, vifaa vinavyotumia umeme wa ukutani, kama vile soketi janja, kwa kawaida hupokea ujumbe wa vihisi vilivyo mbali na kuupeleka mbele hadi kwenye kitovu. Vihisi vya betri havifanyi kazi hiyo. Hapa kuna jambo la kwetu. Soketi zetu zina swichi, na wengi tumelelewa kuizima kila soketi isiyotumika ili kuokoa uniti za LUKU. Mtoto mwenye adabu akizima soketi ile ya ukumbini, vihisi vitatu vya uani hupoteza njia. Mwenye nyumba huona vihisi vitatu "vimeharibika" kwa siku moja, na kumbe hakuna kilichoharibika. Waelezeni watu wote wa nyumbani, pamoja na msaidizi wa kazi, ni soketi ipi isiyozimwa, na mbandike karatasi.

Kuunganisha kwa mara ya kwanza

Toeni kipande cha plastiki kinachotenganisha betri. Ni jambo dogo, lakini limewarudisha wengi dukani bure. Unganisheni kihisi kikiwa karibu na kitovu ili mthibitishe kwamba ni kizima, kisha kipelekeni mahali pake na kukijaribu tena kabla ya kutoboa ukuta. Kipeni jina linaloeleweka, kama "Mlango wa nyuma", kwa kuwa saa nane za usiku hakuna atakayekumbuka "Kihisi 4" ni kipi.

Vihisi vingi vya Wi-Fi hukubali masafa ya 2.4 GHz pekee. Simu yenu ikiwa imejiunga na ruta kwa 5 GHz, kazi ya kuunganisha inaweza kushindikana bila sababu kuelezwa. Zimeni 5 GHz kwenye ruta kwa dakika chache, maliza kazi, kisha mwashe tena. Mwisho, badilisheni nywila iliyokuja na kifaa.

Kihisi kinapoacha kujibu

Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kukifuta kihisi kwenye programu na kuanza upya. Kwa kufanya hivyo hupoteza maagizo yote yaliyofungamana nacho, na chanzo cha tatizo hubaki palepale. Fuateni mpangilio huu.

1. Jiulizeni ni nini kilichobadilika: umeme ulikatika, ruta ilihamishwa, kabati jipya liliingizwa, au soketi ilizimwa?

2. Badilisheni betri kwa betri mpya mnayoiamini.

3. Kileteni kihisi karibu na kitovu, kiasi cha hatua mbili, na mbonyeze kitufe chake. Kikijibu hapo, kihisi ni kizima na tatizo ni njia au mahali. Kisipojibu, huenda tatizo ni kihisi chenyewe. Jaribio hili la dakika moja huokoa fedha nyingi.

4. Kizimeni kitovu na kukiwasha tena, na msubiri dakika chache.

5. Hapo tu ndipo mkiunganishe upya, na ikishindikana, mkirudishe katika hali ya kiwandani.

Msidanganywe na kihisi cha mwendo kinachotumia betri. Baada ya kumtambua mtu, vingine hupumzika hadi dakika moja ili kutunza betri. Anayepunga mkono mara kumi mfululizo hupata jibu moja, akadhani kifaa ni kibovu.

Tatizo la upande wa pili ni kihisi kinacholia ovyo. Mjusi anayetembea juu ya kioo cha kihisi, buibui aliyetanda utando mbele yake na pazia linalopeperushwa na feni, vyote huweza kukiamsha. Kipanguseni, mbadilishe mwelekeo, mpunguze wepesi wake. Msikiache kiendelee kusumbua, kwa sababu tunajua mwisho wake: baada ya usiku wa tatu mtu hukizima kwenye simu na kusahau. Hicho nacho ni kimya, na ni hatari kuliko vyote, kwa kuwa tumekitengeneza wenyewe.

Betri

Vihisi vingi vidogo hutumia betri bapa ya duara ya volti 3, kama ile ya CR2032. Betri ya lithiamu ya namna hii hushikilia volti zake karibu hadi mwisho, kisha huanguka ghafla. Kwa hiyo kuona asilimia 80 kwenye simu si ahadi ya miezi mingi. Andikeni tarehe ya kubadilisha kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mfuniko. Katika maeneo ya baharini hewa ya chumvi hula vishikio vya betri, nanyi mnapaswa kuvikagua kila mnapobadilisha.

Tunawasihi wazazi jambo moja zaidi. Betri hizi zikimezwa na mtoto zinaweza kuunguza koo la chakula kwa muda wa saa mbili tu. Zihifadhiwe mbali na watoto, zilizokwisha zisiachwe mezani, na mkihisi tu kwamba mtoto amemeza, mpelekeni hospitali mara moja bila kusubiri dalili.

Umeme na intaneti vinapokatika

Vihisi vingi vya gesi ya mtungi hutumia umeme wa ukutani, kwa sababu sehemu inayotambua gesi lazima ipashwe joto wakati wote, na betri ndogo haiwezi mzigo huo. Maana yake ni kwamba umeme ukikatika, au uniti zikiisha, kihisi hakipo kazini ingawa bado kinaonekana ukutani. Ukirudi, huhitaji dakika kadhaa za kupata joto kabla ya kutegemewa. Usiku wa giza ndio ambao wengi hupikia gesi kwa mwanga wa mshumaa. Mwenye uwezo awe na chanzo mbadala cha umeme kwa ajili ya kitovu, ruta na kihisi cha gesi. Asiye na uwezo huo afunge valvu ya mtungi kila amalizapo kupika, awe na umeme au asiwe nao. Ni kinga isiyo na gharama.

Kuhusu intaneti, fanyeni jaribio hili wiki ya kwanza: ondoeni waya wa intaneti kwenye ruta, kisha mbonyeze kitufe cha majaribio cha kihisi cha moshi na kufungua mlango wenye kihisi. King'ora kikilia, mfumo wenu hufanya kazi wenyewe ndani ya nyumba. Kisipolia, maana yake kila ujumbe huenda kwanza kwenye kompyuta za mtengenezaji na kurudi, na siku vocha ya data itakapokwisha mtabaki bila mlinzi. Kwa moto na gesi, chagueni kifaa chenye sauti yake chenyewe.

Tunatahadharisha pia dhidi ya ubunifu mmoja tuliouona: soketi janja kuwasha feni ya jikoni yenyewe mara kihisi cha gesi kinapolia. Swichi inapofunga au kufungua umeme huweza kutoa cheche, na cheche ndiyo gesi inachosubiri. Kihisi cha gesi kikilia, msiwashe wala msizime taa, feni wala kifaa chochote. Fungeni valvu kama inafikika, fungueni madirisha na milango, tokeni nje, na mkiwa nje ndipo mpige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Taarifa za nyumba yako

Kumbukumbu ya kihisi cha mlango humweleza anayeisoma ni saa ngapi nyumba huwa tupu. Ichukulieni kama ufunguo. Fundi akimaliza kazi, mwondoeni kwenye orodha ya wenye ruhusa. Mnapohama au kuuza kifaa, kirudisheni kwanza katika hali ya kiwandani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawapa haki ya kuuliza taarifa zenu zinakusanywa kwa sababu gani na nani anazitumia.

Jaribio la kila mwezi

Ndugu wananchi, tunahitimisha kwa kurudi kwenye swali la bibi. Jibu letu ni ratiba. Chagueni siku moja ya mwezi, Jumamosi ya kwanza kwa mfano, na mtenge nusu saa. Fungueni kila mlango wenye kihisi na mwangalie simu. Tembeeni mbele ya kila kihisi cha mwendo. Bonyezeni kitufe cha majaribio cha kila kihisi cha moshi, cha gesi na cha monoksidi ya kaboni, na wote walio nyumbani wasikie sauti yake ili waitambue usiku. Kitufe hicho hupima king'ora na umeme, na katika vifaa vingi hakipimi uwezo wa kunusa, hivyo angalieni pia tarehe ya mwisho ya matumizi. Kamwe msifungue mtungi ili kukijaribu kihisi. Andikeni mlichokiona kwenye daftari, kihisi kwa kihisi.

Katika nyumba tuliyoanza nayo, kihisi cha gesi kilihamishwa siku ileile kutoka darini hadi kimo cha goti, na mpira wa mtungi ukabadilishwa. Daftari linatunzwa na bibi mwenyewe. Tulipopita mwezi wa tatu alituonyesha mstari aliouandika kwa mkono wake: kihisi cha mlango wa uani hakikujibu, betri imebadilishwa, kimejibu. Kihisi kile kilikuwa kimekufa, na safari hii aliyekigundua alikuwa mwenye nyumba, mchana, kabla ya mtu mwingine kukigundua usiku.